Jumba la sanaa la taifa linatuhusu nini sisi wa Mbeya?

Swali: Nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Mbeya na ninalea klabu ya sanaa. Mwaka huu niliomba kuwapeleka wanafunzi Dar es Salaam wakaone Makumbusho ya Taifa. Mkuu wa shule akaniuliza: basi zima, zaidi ya kilomita 800, kwenda kuangalia picha na vinyago, faida yake nini? Sikuwa na jibu la kumridhisha. Naomba unieleze, nchi inahitaji jumba la sanaa la taifa kwa kazi gani hasa? Na likiwa Dar es Salaam, sisi wa Nyanda za Juu Kusini linatuhusu nini? Shuleni tumepewa chumba kimoja kitupu. Tunaweza kufanya humo jambo la maana?

Jibu: Kamwene mwalimu. Mkuu wako wa shule ameuliza swali la haki. Sisi tunaofanya kazi za makumbusho tumezoea kulijibu kwa maneno makubwa, fahari ya taifa, urithi wa vizazi, na mtu mwenye bajeti mkononi anaondoka kama alivyokuja. Kwa hiyo nianze na kitu ambacho wewe na yeye mnakijua vizuri: chungu cha Kikisi, yaani cha Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa.

Kila Jumamosi vyungu hivyo huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe hadi soko la Lyulilo, pale Matema, chini ya Milima ya Livingstone. Kutoka hapo vinapanda na magari kwenda Kyela, Tukuyu na Mbeya mjini. Nunua kimoja, ukiweke mezani karibu na dirisha, ukae nacho. Udongo wake umesuguliwa kwa kokoto laini mpaka unang'aa. Juu ya wekundu imepita michoro myeupe, na ukifuatilia mstari mmoja kwa kidole utafika mahali ambapo mkono ulisita kidogo kisha ukaendelea. Ubavuni kuna doa jeusi, pale moto ulipokigusa chungu kikiwa kinachomwa. Mama aliyekifinyanga hakutumia mashine. Unene wa ukuta aliupima kwa vidole tu, na bado chungu kimekaa sawasawa pande zote. Mimi nasema wazi kwamba hiyo ni sanaa, na ni sanaa ya kiwango cha juu.

Aliyekifinyanga ni nani? Muuzaji wa Tukuyu hajui, na mnunuzi wa Mbeya hakuuliza. Ukienda kwenye mikusanyo ya zamani ya Ulaya hutapata zaidi ya hapo. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa jeshi la Kijerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka nchi za Ziwa Nyasa na milima ya huku kwetu akikusanya vitu vilivyopelekwa Berlin. Jina lake limetunzwa vizuri. Kwa vitu vingi vilivyokusanywa zama zile utasoma nani alikileta, kimetoka wapi, ni cha kabila gani. Mfinyanzi, mchongaji, msukaji wa kikapu, hao hawamo.

Hapo ndipo kazi ya jumba la sanaa inapoanzia. Makumbusho ya mila huuliza kitu ni cha watu gani na kilitumika kwa shughuli gani. Ni maswali mazuri na ninayauliza kila siku. Jumba la sanaa linauliza zaidi: nani alikitengeneza, alifundishwa na nani, na ni kipi alichoamua kukifanya kwa namna yake mwenyewe wakati jirani yake alifanya vingine? Nchi isiyo na mahali pa kuuliza maswali hayo kwa niaba ya wananchi wote itaendelea kujiona kama mkusanyiko wa makabila yenye mila, huku wasanii wake wakipita na kusahauliwa mmoja mmoja. Kwa hiyo ukiniuliza kazi ya kwanza ya jumba la sanaa la taifa ni ipi, sitakutajia kutundika picha. Ni kuitunza kazi pamoja na jina la aliyeifanya na habari zake, mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kurudi kuiona hata kama soko limeshaichoka.

Thamani ya kuandika habari hizo sisi wa Iringa tumeijua kwa uchungu. Mkwawa, mtwa (mtawala) wa Wahehe, alipojiua kwa risasi Julai 1898 ili asishikwe na Wajerumani, kichwa chake kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu lake kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda mwenyewe kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, hakukuwa na fuvu lililoandikwa kwa uhakika kuwa ndilo. Lilichaguliwa miongoni mwa mafuvu mengi kwa kupima vipimo na kuvilinganisha na vya ndugu zake. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga, karibu na Iringa, kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, na lipo pale hadi leo. Fuvu la binadamu si sanaa, wala halikupaswa kukaa kwenye kabati la watu wa mbali. Nimelitaja ili mkuu wako aone matokeo ya taasisi kuchukua kitu bila kuandika ni cha nani: mjadala kuhusu fuvu hilo haujaisha, na wanaoubeba mzigo wa mjadala huo ni ukoo wake na Wahehe kwa jumla.

Sasa tuje kwenye soko, maana ndilo mshindani mkubwa wa jumba la sanaa. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, ni mtu wa kusini. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia mbao za silingibodi na rangi ya kupakia baiskeli, na mwaka 1972 alikuwa ameshafariki. Katika miaka hiyo michache alianzisha mtindo ambao leo umejaa kila duka la watalii kutoka Zanzibar hadi Arusha. Wateja wake wengi walikuwa wageni waliokuwa wakiishi maeneo ya Oysterbay, na walipohama walihama na mbao zao. Mtindo ukabaki nyumbani, lakini kazi nyingi za mkono wake mwenyewe zikaondoka. Kijana anayejifunza leo ananakili nakala ya nakala, tembo yuleyule na mti uleule, bila nafasi ya kusimama mbele ya ubao wa mwanzilishi na kuona alivyokuwa huru kuliko wanaomuiga.

Yeye si wa pekee. Sam Ntiro, aliyesoma Makerere na kisha London, alichora mwaka 1956 wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na mchoro huo ni mali ya jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA. George Lilanga, mmoja wa wasanii waliojulikana zaidi kutoka Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, yumo kwa wingi katika mkusanyo binafsi wa Jean Pigozzi huko Geneva. Siwalaumu hao walionunua. Walilipa, wakaandika jina, wakatunza. Lakini mtoto wa Rungwe au Makete hawezi kupanda basi kwenda New York.

Tanzania bado haina jumba la sanaa la taifa linalosimama peke yake. Kazi hiyo imo ndani ya Makumbusho ya Taifa, hasa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert. Jengo lake la kwanza lilifunguliwa 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George V wa Uingereza, na humo ndimo linamotunzwa fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai 1959. Chini ya taasisi hiyo kuna pia Kijiji cha Makumbusho, makumbusho ya Arusha, Butiama, na ya Vita vya Maji Maji pale Songea. Hiyo ya Songea imeshatuonyesha jambo lingine ambalo taasisi ya namna hii inaweza kulibeba: tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama pale akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea wazee wetu. Maneno yale yangeweza kusemwa kwenye hoteli Dar es Salaam. Yaliposemwa mbele ya kumbukumbu za walionyongwa na mbele ya wajukuu zao, yalikuwa na uzito mwingine kabisa.

Ukitaka kuona jumba la sanaa la taifa linavyoweza kubadilisha maisha ya wasanii, angalia Zimbabwe. Jumba lao lilifunguliwa 1957, enzi za Rhodesia, na lilijengwa likiwafikiria walowezi na picha za Ulaya. Mkurugenzi wake wa kwanza, Frank McEwen, alianza kuwapa rangi na baadaye mawe watu waliokuwa wakifanya kazi palepale jumbani na wengine waliokuja. Thomas Mukarobgwa aliajiriwa kama mhudumu wa jumba, akawa mchoraji na mchongaji mwenye jina. Kutoka kwenye karakana hiyo likakua wimbi la uchongaji wa mawe ambalo mwaka 1971 lilifika Paris, katika jumba la Musée Rodin. Jumba lililojengwa kwa ajili ya wachache likageuka kuwa mahali pa kazi kwa wenye nchi. Leo lina matawi Bulawayo na Mutare, jambo ambalo mtu wa Mbeya anapaswa kulitilia maanani sana.

Ila habari ya Zimbabwe ina upande wa pili, nami nauogopa. McEwen alikuwa na wazo lake kuhusu sanaa gani ni ya Kiafrika kweli, na waliochora nje ya wazo hilo hawakupata mlango uleule. Taasisi ya taifa ina nguvu ya kugandisha ladha ya nchi nzima. Ikisema sanaa ya Tanzania ni Tingatinga na vinyago vya Kimakonde tu, basi mfinyanzi wa Ikombe, msukaji wa vikapu vya milulu wa Iringa na kijana wa Mwanjelwa, hapo Mbeya, anayechora kwa kompyuta wote wanakuwa wageni katika nchi yao. Ndiyo maana napendelea jumba linaloamua kwa kamati, lenye watu wa mikoani ndani yake, kuliko jumba linalofuata jicho la mkurugenzi mmoja hata awe na kipaji kiasi gani.

Uhusiano wa jumba na watu wa kawaida nao unaweza kuwa wa karibu kuliko tunavyodhani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, picha za jumba la sanaa la taifa la Uingereza zilihamishwa kutoka London, nyingi zikafichwa kwenye machimbo huko Wales kwa kuogopa mabomu. Jumba likabaki tupu. Mpiga piano Myra Hess akaanzisha muziki wa saa ya chakula cha mchana ndani ya kumbi hizo, kiingilio shilingi moja, kuanzia Oktoba 1939 hadi 1946. Mwaka 1942, baada ya wananchi kuomba, ikaanza desturi ya kurudisha picha moja tu kila mwezi na kuiweka peke yake. Watu waliacha kazi zao kwa dakika chache wakaenda kuitazama hiyo moja. Napenda sana mfano huo kwa sababu unaonyesha kwamba wingi wa vitu si sharti. Picha moja iliyotunzwa vizuri, katika jengo la wote, iliwatosha watu waliokuwa wakilala kwenye mahandaki.

Kuhusu zahanati, maana najua mkuu wako au mjumbe wa bodi atasema fedha za sanaa zingenunua dawa: dawa zikikosekana, zinunuliwe dawa. Sitabishana na hilo. Lakini makumbusho na dawa ni nadra kugombea fungu moja, na nisingependa tulitumie hitaji la wagonjwa kama jibu la kila kitu. Kuna hoja ya mapato pia ambayo wazazi wataielewa haraka. Chungu kisicho na jina kinashindana na ndoo ya plastiki kwa bei. Chungu chenye jina la mfinyanzi, kilichowahi kuoneshwa hadharani na kuandikwa, kinaanza kushindana na vyungu vingine kwa ubora, na mwenye mkono mzuri anaweza kudai zaidi ya jirani yake. Bila mahali panapotambua tofauti kati ya mkono na mkono, wafinyanzi wote wanabaki na bei moja, ile ya chini.

Sasa swali lako la pili, kwamba linatuhusu nini sisi huku. Nitasema kwa ukali kidogo. Taasisi inayoitwa ya taifa ikikaa mji mmoja tu, inakuwa ya mji huo. Mna haki ya kudai mambo ambayo hayahitaji jengo jipya: kazi za wasanii wa Nyanda za Juu Kusini zinunuliwe na kuingizwa kwenye mkusanyo wa taifa kwa majina yao, maonesho ya kuzunguka yafike Mbeya, Njombe na Sumbawanga, na mwalimu kama wewe aweze kuona orodha ya vitu vilivyotoka kwenu ambavyo tayari vimo stoo. Jengo zuri la mkoa linawezekana pia. Boma la Iringa ni jengo la enzi za Wajerumani lililogeuzwa kuwa makumbusho mwaka 2016, na mtu akitoka sokoni anaweza kuingia akaona historia ya watu wake bila kwenda mbali.

Kwa safari ya wanafunzi, ushauri wangu ni kwamba mwaka huu msiende Dar es Salaam. Njooni Iringa, ni chini ya nusu ya njia hiyo. Asubuhi mwone Boma, mchana Kalenga, na mkipata nafasi mpite Isimila mwone zana za mawe za watu wa kale zikiwa palepale zilipopatikana. Pale Igeleke, karibu na mji, kuna michoro ya miambani. Waambieni wanafunzi wasiokote hata jiwe moja kupeleka shuleni. Zana za Isimila zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na zikitolewa mahali pake zinapoteza nusu ya habari zake. Dar es Salaam mwende mwakani, baada ya kufanya kazi ninayotaka kukueleza, ili wanafunzi wafike wakiwa na maswali ya kuuliza.

Chumba chenu kitupu kinanifurahisha kuliko sehemu nyingine yote ya barua yako. Msikijaze haraka. Anzeni na daftari kabla ya kitu chochote. Nunueni kaunta buku yenye jalada gumu, mchore safu: namba, jina la kitu, aliyekitengeneza, mahali, mwaka, kimetengenezwa kwa malighafi gani, vipimo kwa sentimita, kilipatikanaje, hali yake siku kilipoingia. Namba iwe ya mwaka na mfuatano, kwa mfano 2026.1, 2026.2, na isirudiwe kamwe hata kitu kikivunjika. Kwenye chungu namba huandikwa chini ya kitako kwa wino juu ya tabaka jembamba la vanishi inayoweza kuondolewa. Kwenye kikapu fungeni kikaratasi kwa uzi wa pamba, kiandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu husambaa kwenye unyevu. Msitumie gundi wala selotepu.

Kisha twende kwa watu. Chagueni wanafunzi wanne au watano wenye subira, muwapeleke Matema siku ya soko pamoja na mtu anayejua Kikisi. Wasianze kwa kupiga picha. Wasalimu, wajieleze, wamuulize mama kama yuko tayari kuongea na kama angependa jina lake liandikwe, na wakikataliwa waage kwa heshima. Akikubali, wamuulize anataka kuitwa jina gani kwenye maandishi, maana mtu anaweza kujulikana kijijini kwa jina la mtoto wake lakini akapenda la kwake mwenyewe. Nani alimfundisha? Udongo unatoka wapi? Mchoro huu mweupe unaitwaje kwa lugha yake, na ni wa kwao au alijitungia? Chungu cha kupikia anakitofautishaje na cha kuwekea maji? Sauti irekodiwe kwa simu, ihifadhiwe sehemu mbili. Halafu mnunue chungu kimoja kwa bei aliyotaja, bila kubembeleza apunguze, na safari inayofuata mumpelekee picha yake iliyochapishwa.

Kitu hicho kimoja, chenye ukurasa mzima wa maelezo, kitakuwa na thamani kuliko rundo la vitu visivyo na habari. Nimeona vyumba vya shule vilivyojaa vibuyu, mikuki na vigoda ambavyo hakuna anayejua vilitoka kwa nani, na kwa kweli hakuna namna ya kuvisaidia tena.

Msiende kwenye nyumba za wazee kuomba vitu vya ukoo. Kigoda cha babu au mkuki wa mtwa vina wenyewe wengi, na mjukuu mmoja akikupa, mwingine atakuja kudai. Familia ikitaka yenyewe kuwaazima kitu kwa maonesho, andikeni mkataba wa kuazima wa ukurasa mmoja: ni kitu gani, cha nani, kwa muda gani, nani atalipa kikiharibika, na tarehe ya kurudisha. Wasaini pande zote mbili na shahidi. Kirudisheni siku hiyohiyo iliyoandikwa.

Kukusanya sanaa ya leo ni rahisi zaidi, na watu huisahau. Vibao vya saluni, gereji na migahawa vilivyochorwa kwa mkono vinaondoka Mbeya kwa kasi, vinabadilishwa na mabango ya kuprinti. Waliovichora wengi wapo hai na wanapatikana. Mwenye saluni akibadilisha kibao chake, mwombeni au mnunue cha zamani, kisha mtafuteni mchoraji mumhoji kama mlivyomhoji mfinyanzi. Nina hakika kwamba miaka 30 ijayo wachoraji hao watatafutwa kama tunavyomtafuta Tingatinga leo.

Chumba chenyewe kikaguliwe wakati wa mvua, si kiangazi. Angalieni paa linapovuja na ukuta unaotoa unyevu. Kuanzia Novemba hadi Aprili ukungu ndio adui wenu mkubwa, kwa hiyo vitu visigusane na ukuta, vikae juu ya rafu angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, na madirisha yafunguliwe siku zenye jua kavu. Msifungie vikapu ndani ya nailoni kwa miezi mingi, vitaoza. Jua la moja kwa moja lisifike kwenye karatasi, kitambaa wala kikapu cha rangi: kiwango kinachokubalika kwa vitu hivyo ni luksi (kipimo cha mwanga) 50 tu, yaani mwanga hafifu, na pazia zito la kitambaa linatosha kuupunguza. Chungu kishikwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako, kamwe kisiinuliwe kwa mdomo. Kisioshwe. Brashi laini kavu inatosha, maana maji na sabuni vinaweza kufifisha ile michoro myeupe.

Wadudu mtawapata kwenye vikapu na mbao, hilo haliepukiki. Mkiona unga mwembamba chini ya kitu, kitengeni siku hiyohiyo. Msipulize dawa ya mbu wala ya mende, inaacha madoa na inadhuru wanafunzi. Kifungeni kitu ndani ya mfuko wa plastiki, mtoe hewa, mfunge mdomo wa mfuko kabisa kwa selotepu isiyogusa kitu chenyewe, kisha mkiweke kwenye friza ya jikoni au ya duka la jirani kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Kikitoka, kibaki ndani ya mfuko siku nzima kabla hamjafungua, la sivyo ukungu wa baridi utakilowesha. Njia hii inafaa kwa vikapu, vitambaa na mbao zisizopakwa rangi. Chungu na picha ya rangi visiingie kwenye friza.

Mkishakuwa na vitu kumi hivi vyenye kurasa kamili, fungueni mlango. Tarehe 18 Mei kila mwaka ni Siku ya Makumbusho Duniani, na huku kwetu mvua huwa zimeanza kupungua. Mualikeni mfinyanzi na mchoraji wa vibao wakae chumbani, wao ndio waeleze kazi zao, wanafunzi wawe wenyeji. Lebo iandikwe kwa herufi kubwa zinazosomeka mtu akiwa amesimama, na mstari wake wa kwanza uwe jina la aliyetengeneza.

Baada ya hapo ndipo muandike barua kwa Makumbusho ya Taifa, ipitie kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu, ambaye pia mumwachie nakala ya daftari. Ambatisheni kurasa za daftari hilo na picha. Msiombe jengo. Ombeni orodha ya kazi za sanaa zilizotoka Mbeya, Rungwe, Kyela na Mbozi zilizomo kwenye mkusanyo wa taifa, na mpendekeze kwa majina wasanii wawili ambao kazi zao zinastahili kununuliwa. Majibu yakichelewa, fuatilieni kwa simu na kwa barua ya pili, na mkienda Dar es Salaam mwakani mwende na nakala yake.